Mama alisema "najiweza", saa zikakatwa

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa saba usiku kwa sababu ndiyo saa niliyo nayo. Mama amelala, nimeshamgeuza ubavu wa kulia, na hataamka mpaka saa tisa atakapotaka kwenda chooni.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39. Kwetu ni Fizi, Kongo, ila nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, tangu vita vya 1996 hadi tulipoletwa Marekani mwaka 2012. Tunaishi California, mimi, mama na wanangu wawili. Mama ana miaka 73. Uraia aliupata mwaka 2019. Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto hauna nguvu, mguu anauburuta, na kisukari anacho tangu zamani. Anapata SSI, ile fedha ya serikali ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo, pamoja na Medi-Cal ya matibabu.

Baada ya kiharusi tulielezwa habari za IHSS, mpango wa jimbo unaolipa mtu wa kumhudumia mgonjwa nyumbani ili asipelekwe kwenye nyumba ya wazee. Huyo mtu anaweza kuwa mtoto wake. Nikaacha kazi ya kufungasha mizigo ghalani, nikaandikishwa. Mama alipewa saa 142 kwa mwezi: kuogeshwa, kuvishwa, kupikiwa, kufuliwa, kupelekwa kliniki. Kila mwaka afisa ustawi wa jamii wa kaunti huja kutazama kama hali imebadilika.

Mwaka huu alikuja msichana mmoja mstaarabu, sina ubaya naye. Mama alijua tangu wiki iliyotangulia kwamba kuna mgeni. Siku hiyo aliniamsha saa kumi na moja alfajiri nimwogeshe. Akataka kitenge alichovaa kwenye harusi ya kaka. Akataka nimsuke. Akataka kile chuma anachoshikilia akitembea kifichwe chumbani kwa watoto. Mgeni alipoingia, mama aliinuka kwenye kochi! Alishika ukingo wa meza, akasimama, akampa mkono. Kusimama kule kulimgharimu siku mbili za maumivu, lakini mgeni angejuaje?

Mkalimani akawekwa kwenye simu. "Mama, unajiweza kuoga?" "Najiweza, namshukuru Mungu." "Na kupika, unajiweza?" "Mimi tena? Nimepikia watu arobaini Nyarugusu!" Kila swali ni najiweza, najiweza. Mwishoni afisa akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Shangazi, ningesema nini? Nimwambie mgeni, mama akiwa ameketi pale na kitenge chake, kwamba usiku nambadilisha nepi? Nikasema, "Ni kama mama alivyosema." Chai ikaletwa. Mama akamwomba mkalimani amwambie mgeni kwamba chai hiyo kaipika yeye.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao ni saa 91. Zimeondoka saa 51, na hizo ndizo zilizokuwa zikikamilisha kodi ya nyumba.

Nilimpigia kaka yangu mkubwa, yuko Ohio. Alicheka kwanza. Akasema kosa ni langu: "Siku anayokuja mtu wa serikali, mgonjwa anakuwa mgonjwa. Mlaze, mfunike blanketi, mwambie asijibu kitu. Wazee wote wanafanya hivyo." Anataka tukate rufaa, na safari hii mama aseme hawezi hata kushika kijiko. Lakini kijiko anashika. Mkono wa kulia ni mzima.

Halafu mama hapendi kusikia kwamba nalipwa. Siku nilipomweleza mara ya kwanza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilimwogesha bibi yako miaka mitatu ndani ya hema, hakuna aliyenipa senti." Kanisani huwaambia kina mama wenzake kwamba nafanya kazi ya kompyuta usiku.

Na kuna safari. Mama mdogo bado yuko Nyarugusu na sasa anaumwa sana. Mama anataka kwenda kumwona, akae naye miezi mitatu. Ndugu na watu wa kanisa wamemchangia dola 4,300, tumeziweka kwenye akaunti yake zikingoja tiketi. Nimesikia kwamba akisafiri anaweza kupoteza kila kitu. Wengine wanasema aende tu, tusimwambie mtu, nani atajua?

Nimkane mama yangu mbele ya watu, nimfundishe uongo, au ninyamaze tuhame nyumba? Na nimkataze kumwona mdogo wake, ambaye huenda asimwone tena?

Binti Fizi, California

*

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifikia zikiwa zimebaki siku sita kabla ya tarehe mosi, kwa hiyo sikungoja zamu ya safu. Nilimwandikia mistari michache siku ileile: igeuze ile karatasi ya kaunti, nyuma yake kuna sehemu ya kuomba shauri lisikilizwe na jimbo. Ijaze, itume kabla ya tarehe mosi, baki na nakala. Ombi likifika kabla ya siku ya mabadiliko, saa huendelea kama zamani mpaka shauri liamuliwe. Likichelewa, haki ya kuomba bado ipo kwa siku 90 tangu tarehe ya taarifa, ila saa zitakuwa zimeshakatwa. Amenijibu kwamba alituma. Kwa hiyo sasa, Binti Fizi, tunaweza kuongea polepole.

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: saa zilizokatwa, ushauri wa kaka, na safari ya mama. Mimi naliona na la nne. Ulilitaja kwa nusu ya sentensi ukapita, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Nitalifikia.

Nianze na neno lako, kumkana mama. Mtu hukana kilichosemwa kama ushahidi. Una hakika mama alikuwa anatoa ushahidi asubuhi ile?

Kabla ya safu hii nilifanya kazi ya ukalimani wa simu kwa miaka mingi, na mkasa kama wako nimeusikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja. Sisi tukiulizwa hali, jibu la kwanza ni adabu. Hujambo? Sijambo. Hata aliyelazwa na dripu mkononi atakwambia sijambo kidogo. Habari za nyumbani? Nzuri, ila. Na baada ya hiyo "ila" ndipo inapokuja habari yenyewe: mtoto ana homa, paa linavuja, mzee hajala tangu juzi. Kila Mswahili anajua kungoja "ila". Afisa wa kaunti hajui. Anasikia "najiweza", anaweka alama, anahamia swali linalofuata, na "ila" inabaki mdomoni mwa mama. Nami mkalimani sikuruhusiwa kuongeza neno. Natafsiri lililosemwa. Nimewahi kukata simu nikiwa najua kabisa kwamba yule mzee hakuwa amefika kwenye jibu lake.

Halafu litazame neno lenyewe walilomuulizia. Redioni wakisema "wasiojiweza", wewe unamwona nani? Mtu aliyetupwa na ukoo wake, anayengoja sadaka mlangoni. Sasa mwanamke aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto, aliyepikia watu arobaini kambini, aulizwe na mgeni, mbele ya binti yake, kama yumo katika kundi hilo. Ulitaka akubali? Mimi ningelikuwa yeye ningevaa kitenge cha harusi na ningesema chai nimeipika mimi.

(Na tuseme kweli, sehemu ile ya chai nilicheka mpaka nikaweka simu chini.)

Fomu haikuwa inauliza alichosikia mama. Katika IHSS, afisa huipa karibu kila kazi alama kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 ni mtu anayefanya mwenyewe bila hatari, 5 ni asiyeweza kabisa bila mtu mwingine, na katikati wamo wanaohitaji kukumbushwa tu, wanaohitaji kushikwa kidogo, na wanaohitaji kushikwa sana. Mama anaweza kuwa 1 kwa kula na 4 kwa kuoga, na hakuna ugomvi kati ya hayo mawili. Tena afisa anatakiwa kutazama jinsi hali inavyopanda na kushuka, siku mbaya zikiwemo. Kwa hiyo swali linaloweza kuvuta ukweli bila kumvua mzee nguo ni la jana: "Mama, jana ulioga vipi?" Hapo atasimulia. Binti alinishika hapa, nikakaa kwenye kiti, akanimwagia, akanisugua mgongo kwa sababu mkono huu haufiki. Ni hadithi, na wazee wetu hadithi hawazinyimi. Una ruhusa ya kumwomba afisa na mkalimani waulize hivyo. Una haki pia ya kuomba mkalimani anayesikilizana vizuri na mama, wa Kiswahili cha Kongo au wa Kibembe, na huduma hiyo hailipiwi.

Sasa njia ulizonazo.

Unaweza kusema mbele yake. Yawezekana akanyamaza tu, yawezekana akakuambia mbele ya mgeni kwamba umemvunjia heshima, na mkarudi nyuma miezi. Unaweza kusema pembeni: ukamsindikiza afisa hadi kwenye gari, au ukampigia simu baadaye, au ukamwandikia. Hiyo inahifadhi uso wa mama siku ile. Lakini maneno yako yatawekwa kwenye faili, na faili la mama ni haki ya mama kulisoma. Ipo siku mtu atamtafsiria. Je, mtabaki salama akijua ulikuwa unasema nyuma ya mgongo wake? Wewe unamjua, mimi simjui.

Au unaweza kuacha karatasi iseme. Hii ndiyo ninayoipenda, nakiri, ingawa ina kazi. Nunua daftari. Kwa wiki mbili andika kila unachomfanyia mama na dakika zake: saa tisa usiku, choo, dakika 20, saa moja asubuhi, kuvaa, dakika 25, kushoto amekataa kuinua mkono. Andika na siku nzuri, ile siku aliyovaa blauzi mwenyewe. Daftari lenye siku mbaya tupu linanuka. Kisha mpelekee daktari wake, mwombe aandike yeye mwenyewe anachokijua kuhusu ule mkono, ule mguu na hatari ya kuanguka. Daftari na barua ya daktari vinaweza kuwekwa mezani kwenye shauri bila mama kuulizwa mbele ya mtu kama anajikojolea.

Kuhusu shauri lenyewe: ni la mama. Wewe unapungukiwa mshahara, lakini saa ni haki yake, na yeye ndiye anayeweza kukuteua kwa sahihi yake umsemee. Kabla ya siku ya kusikilizwa, mtu wa rufaa wa kaunti anaweza kukupigia kupendekeza muondoe shauri kwa masharti ya kufanyiwa tathmini upya. Si jambo baya, mara nyingi huokoa muda. Ila tathmini mpya inaweza kupanda au kushuka, na masharti yakikaa kwenye simu tu huyeyuka. Yaandikwe, pamoja na saa zipi zinaendelea wakati mnangoja. Hapo ndipo ningetafuta wakili wa msaada wa kisheria kabla ya kutia sahihi. Disability Rights California husaidia watu wa IHSS bila malipo.

Kaka yako. Nimemsikia, na sidhani ni mtu mbaya. Mtu aliye mbali, asiyeamka saa tisa usiku, mara nyingi hutoa ushauri mkubwa ili afidie. Lakini pima anachokuomba. Kaunti hufanya ziara za ghafla zisizo na taarifa. Mtoa huduma akitiwa hatiani kwa udanganyifu hufungiwa miaka 10. Hiyo ni hatari yako wewe, wa Ohio haimgusi. Na ipo hatari nyingine nisiyoiona kwenye kitabu chochote cha sheria: mama aliyelazwa na kufunikwa blanketi ili asiseme, ataamka mtu gani mgeni akishaondoka? Yule aliyeficha chuma chake chumbani kwa watoto, umwambie aigize asiyeshika kijiko? Unaweza kukuta anaigiza vibaya makusudi.

Nadhani ukweli wa mama, ukiandikwa wote, unatosha kudai sehemu kubwa ya zile saa 51. Huenda si zote. Kwa nini? Kwa sababu tangu 2021 huenda kuna kitu ambacho kweli amekipata upya. Je, kuna kazi anayoiweza sasa ambayo mwaka ule hakuiweza? Ukianza kwa kukubali hiyo moja, jaji atakusikiliza vingine kwa sikio tofauti.

Sasa lile la mshahara. Unaandika kwamba mama hapendi kusikia kuwa unalipwa, na kanisani una kazi ya kompyuta. Kisha siku ya tathmini anasema anajiweza kila kitu. Unayaona kama mambo mawili. Mimi najiuliza kama si moja. Akisema "siwezi kuoga", maana yake kwake yaweza kuwa "binti yangu analipwa kuniogesha". Akisema "najiweza", anakuokoa wewe na aibu hiyo, maana kwake ni aibu: yeye alimwogesha mkwewe au mama yake bure ndani ya hema. Sijui kama ndivyo. Lakini ingekuwa ndivyo, basi mwanamke uliyedhani anakukatia mkate alikuwa anakusetiri.

Ulimweleza malipo mara moja, miaka mitano iliyopita, akajibu kwa sentensi moja, na tangu hapo? Kama hamjarudi kwenye mazungumzo hayo, ameishi na picha yake mwenyewe. Amewahi kuambiwa kwamba California ina zaidi ya watu 700,000 wanaohudumiwa hivi, na kwamba wahudumu wengi ni ndugu zao? Amewahi kuambiwa uliacha ghala ili hili liwezekane, na kwamba kule kambini hapakuwa na kodi ya nyumba ya kulipa kila tarehe mosi? Huenda wewe si mtu wa kumwambia. Kwetu mambo kama haya hupitia kwa mtu wa kati, mwanamke wa rika lake anayeheshimika, hasa kama naye anatunzwa na mwanawe kwa mpango huohuo. Chunguza vizuri kina mama wa kanisani. Nitashangaa kama mtoto wa mama yako ni peke yake mwenye "kazi ya kompyuta".

Nimefika kwenye lile la nne. Dola 4,300, kwenye akaunti ya mama.

Mtu mmoja anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika zaidi ya dola 2,000. Kikomo hicho hakijasogea tangu 1989. Majirani watakuambia kikomo kimefutwa, na wanachanganya mambo mawili: kilichofutwa Januari 2024 ni kikomo cha mali cha Medi-Cal, ambacho nacho kimerudi Januari 1, 2026, kikiwa dola 130,000 kwa mtu mmoja. SSI ni ya serikali kuu, na 2,000 ni 2,000. Wao hutazama kilichomo akauntini mwezi unapofunguka. Fedha ikiingia mwezi huu huhesabiwa kama kipato cha mwezi huu. Ikilala hadi mwezi unaofuata, imekuwa mali. Michango ya upendo haina jina lingine kwenye hesabu hiyo.

Naomba usikimbilie kuihamishia kwa kaka. Kutoa mali ili ubaki chini ya kikomo kunaweza kumfungia mtu SSI hadi miezi 36. Kununua kitu chake mwenyewe kwa bei yake halisi ni jambo jingine. Tiketi ni kitu chake. Ila kwanza ripoti. Mabadiliko ya mwezi hutakiwa kuripotiwa kabla ya siku ya 10 ya mwezi unaofuata kupita. Kama mwezi umeshavuka na fedha iko pale, wanaweza kudai kurudishiwa kilicholipwa, na hapo pia kuna njia za kuomba kulipa kidogo kidogo au kusamehewa. Haya ni ya kuyapeleka kwa wakili huyohuyo, wiki hii, pamoja na taarifa ya benki. Safari nyingine wachangaji wamuulize wakili kwanza kabla ya kuingiza hata senti kwenye akaunti ya mzee.

Na kwa nini SSI inagusa saa za kuogeshwa? Kwa sababu SSI ndiyo mlango alioingilia Medi-Cal, na IHSS inakaa ndani ya Medi-Cal. Mlango huo ukifungwa, kaunti inatakiwa kuangalia kama kuna mwingine unaomfaa kabla ya kumtoa nje, na mara nyingi upo. Lakini bahasha hizo za kaunti zinapokuja, zinataka majibu kwa tarehe, na mwenye kujibu ni wewe.

(Wengine mnaosoma mkiwa na wazazi ambao bado hawajapata uraia: kwa mkimbizi, SSI ina ukomo wa miaka 7. Na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inawaondoa kwenye Medicaid ya serikali kuu, ambayo California huitwa Medi-Cal, kuanzia Oktoba 1, 2026, wakimbizi wasio na kadi ya ukaazi wa kudumu. Kama mzee hawezi mtihani wa uraia kwa sababu ya ugonjwa, kuna fomu N-648 ambayo daktari huijaza. Mama wa Binti Fizi alivuka mto huu 2019, ashukuriwe aliyemkumbusha.)

Safari. "Nani atajua" ni swali rahisi: pasipoti inajua. Mtu wa SSI akiwa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo husimama, na hayarudi mpaka awe amerudi na kukaa siku 30 mfululizo nchini. Miezi mitatu basi ni miezi minne au zaidi bila fedha hiyo, pamoja na kazi ya kuieleza kaunti. Wiki tatu na nusu ni hesabu nyingine kabisa. Medi-Cal haimlipii hospitali Tanzania. Na wewe, siku ambazo mama hayupo na hujamhudumia, huna saa za kujaza, hata kama kodi inakuja vilevile. Kama mnafikiria umsindikize, muulize afisa kwa maandishi kabla ya kukata tiketi kama saa zozote zinalipwa mkiwa huko, na ungoje jibu la maandishi.

Sikuambii umkataze. Kuna mtu aliyekosa kumzika mdogo wake kwa ajili ya malipo ya mwezi na hajajisamehe mpaka leo. Kuna aliyekwenda miezi mitatu, akarudi kwenye barua kumi na moja za kufungua, na anasema angekwenda tena. Mama yako ni mtu mzima mwenye akili zake. Ana haki ya kuziona hesabu hizi mezani, namba kwa namba, na kuchagua kati ya wiki tatu, miezi mitatu, na simu ya video kila jioni. Naona katika barua yako kwamba wote mnamwamulia: kaka, kanisa, hata wewe kwa upole wako. Bado hamjamwonyesha ile karatasi ya saa 91, au sivyo? Hujaandika kwamba aliiona.

Kama utakaa naye, usianze na saa wala kaunti. Anza na mdogo wake, mwache aongee mpaka achoke. Kisha muulize tu: kule Nyarugusu, ikifika saa tisa usiku, nani atampeleka chooni? Usimjibie.